Kuagiza kostiki na mawese nje: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama kiwanda kidogo cha sabuni kiache kununua kostiki (soda kali ya kupikia sabuni) na mafuta kwa wafanyabiashara wa hapa Dar, kiagize chenyewe nje. Mimi niko Mbagala, natengeneza sabuni za mche, naagiza mwenyewe tangu 2019. Agiza, ila usiwe na mlango mmoja.

2022 mawese yangu yote yalitoka Indonesia. Bei safi, jamaa hana longolongo. Tarehe 28 Aprili serikali yao ikapiga marufuku kuuza mawese nje, ili mafuta ya kupikia yashuke bei kwao. Marufuku iliondolewa 23 Mei, hata mwezi haukutimia. Lakini mzigo wangu ulikuwa haujapakiwa, nikaja kuushika Julai. Malaysia nako kila mtu alishakimbilia, bei haishikiki. Niliokolewa na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kutoka Kigoma, madumu kwa madumu, kwa bei ya kulia. Na mise si mawese: kilo moja inakula kostiki gramu 170 na kitu, mawese ni 140 na kitu. Vipimo vyote tulipanga upya.

Siku hizi nina muuzaji Malaysia, mwingine Indonesia, na wa Kigoma simwachi hata kama ni ghali kidogo. Na siku za meli pekee zisikudanganye. Hesabu tangu unatuma malipo ya awali: ukaguzi wa TBS (shirika la viwango) unaofanyika kulekule kabla ya kupakia, kibali cha Mkemia Mkuu kwa upande wa kostiki, foleni bandarini, wakala wako na visingizio vyake. Kwangu inafika siku 75, basi akiba ghalani ikibaki ya siku 90 naagiza.

Kostiki ndiyo iliyonifundisha adabu. Sampuli ilikuja nyeupe, kavu, cheti kinasema asilimia 99. Kontena lilipofunguliwa, mifuko ya chini ilikuwa imeshikana kama jiwe, mingine inatoa maji. Kostiki inanyonya unyevu wa hewa, mfuko ukitoboka imekwenda. Nikajitia ujanja nikapika hivyo hivyo. Mche ulinata vidoleni, ukiushika kati unapinda, baada ya wiki tatu unanuka mafuta yaliyochacha. Muuzaji akaacha kupokea simu, na nilishamlipa yote.

Tangu hapo natoa asilimia 30 mwanzo, iliyobaki mpaka mkaguzi niliyemlipa mimi afungue mifuko mbele ya kontena na kuchukua sampuli. Akaunti ya benki ya muuzaji ikibadilishwa kwa barua pepe, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa humo.

Mtaji wa kontena zima huna? La futi 20 linabeba kostiki tani 20 na ushee, ni nyingi kwa anayeanza. Sisi tulianza watatu, mzigo tukagawana kwa mizani ghalani kwangu, mifuko iliyopasuka kila mmoja akabeba fungu lake.