Kwa madaktari wapya wa wodi ya upasuaji: siku mgonjwa anaporuhusiwa

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo, mtaelekezwa vya kutosha namna ya kumwahisha mgonjwa wa tumbo la dharura chumba cha upasuaji. Mimi naomba msikilize kuhusu siku anaporudi nyumbani, maana jeraha likishapona watu huacha kumfuatilia.

England na Wales, ambako wagonjwa hawa wamesajiliwa kitaifa tangu mwishoni mwa 2013, ripoti za mwanzo zilionyesha kwamba takriban 1 kati ya 10 hufariki ndani ya siku 30 baada ya upasuaji. Ukihesabu hadi mwaka mmoja, ni zaidi ya 1 kati ya 5. Wengi wao ni wazee, tofauti na wodi zetu zilizojaa vijana. Hata hivyo kifo kinachokuja baada ya kuruhusiwa kipo huku pia, ila sisi hatukioni.

Kwa hiyo msiandike kwenye fomu "amefanyiwa upasuaji wa tumbo" mkaishia hapo. Andikeni kilichokutwa na kilichoondolewa. Aliyetobokwa na kidonda cha tumbo, kushona tundu hakujamtibu: anahitaji dawa za kuua Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, na aambiwe waziwazi asimeze tena diklofenaki, dawa ya maumivu inayochubua tumbo, kila mgongo ukiuma. Mwonyesheni kidonge chenyewe, kwani duka la dawa humpa kwa jina jingine.

Aliyeondolewa wengu, kiungo kinachosaidia mwili kupambana na vimelea, baada ya ajali ndiye ninayemhofia zaidi. Anaondoka mzima kabisa, lakini kwa maisha yake yote homa ya kawaida inaweza kumuua kwa saa chache. Apate chanjo za bakteria wa nimokoka, meningokoka na Hib (Haemophilus influenzae aina ya b), alale ndani ya chandarua, na akipata homa aende hospitali siku hiyohiyo. Mwambieni hayo mbele ya mke au mama yake. Wako wanaoishi miaka bila kujua kwamba hawana wengu.

Aliyekatwa sehemu kubwa ya mwisho wa utumbo mwembamba, vitamini B12 yake itapungua polepole. Upungufu wa damu na ganzi ya miguu huja baadaye sana, wakati hakuna anayekumbuka upasuaji.

Na kipande kilichopelekwa maabara: majibu huja mgonjwa akiwa ameshaondoka. Chukueni namba za simu za ndugu wawili, mziandike kwenye daftari la wodi, kisha mpangeni kwa jina nani atapiga simu majibu yakitoka, kwa sababu saratani ya utumbo mara nyingine hugunduliwa kwa njia hiyo tu.