Simu ikague majani, lakini mizizi uichimbe

Ndugu afisa ugani, umesema una vijiji vitatu peke yako, mihogo inaoza ardhini, na unauliza kama akili mnemba inaweza kukusaidia kutambua ugonjwa. Inaweza. Pakua programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru. Inatumia Kiswahili, na ikishawekwa kwenye simu hukagua majani hata pasipo intaneti.

Usipime jani moja ukaridhika. Pima majani sita ya mche uleule, ya juu na ya chini, maana ugonjwa wa batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga, na ule wa michirizi ya kahawia kwenye yaliyokomaa. Mimi niliwahi kukosea hapo: majani yalinawiri, nikamwambia mkulima shamba ni zima, kumbe muhogo ulishaoza. Nilimtia hasara. Kwa hiyo chimba mche mmoja au miwili, ukate muhogo uone ndani.

Bibi asiye na simu janja mfuate shambani kwake, asiwe wa mwisho kila msimu. Na kabla hujaamuru shamba zima ling'olewe, au pingili (vipande vya shina vya kupandia) zigawiwe majirani, wasiliana na watafiti wa TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kwa sababu pingili zenye ugonjwa huupeleka kijiji cha pili.