Mimi mja mzito nilibaki chini, mamangu wa fremu akapanda

Juzi dada mmoja wa Mtwapa kaniandikia. Mimba yake imeingia mwezi wa tano, dadake anaishi Florida, tiketi za ndege zishakatwa na za bustani ya michezo zishalipiwa. Wanakwenda na mama yao, ambaye magoti yamemshinda. Anauliza: lile gari la safari la Disney nasikia linarusha sana, mimi naweza kupanda? Na mama je, au tumwache hotelini apumzike?

Ningemjibu kwa mistari miwili tu, lakini hiyo sehemu ya mwisho ilinichoma. Basi naandika hapa, maana najua si yeye peke yake. Inbox yangu imejaa wanaokwenda Dubai, wanaokwenda Orlando, na wanaokwenda ufuo wa Pirates hapa Mombasa na watoto Jumapili, na wote maswali ni hayo hayo.

Kwa wasiolijua, gari lenyewe linaitwa Kilimanjaro Safaris, limo ndani ya Disney's Animal Kingdom karibu na Orlando. Bustani ilifunguliwa mwaka 1998. Mnapanda lori kubwa lililo wazi ubavuni, mnakaa safu kwa safu, na dereva anawapitisha kati ya twiga, viboko, vifaru na simba wa kweli kwa muda wa dakika 20 hivi. Barabara ni ya zege, lakini ilipomwagwa ilichorwa alama za magurudumu na mashimo ionekane njia ya porini. Yaani yale mashimo yamejengwa makusudi, watu wanalipa dola kuyapita. Sisi twapewa bure.

Kijiji mnachopandia kinaitwa Harambe, nacho kimeigiza miji ya pwani yetu. Kuta zimechakazwa kusudi. Mamangu alisimamisha kiti chake katikati ya njia, akatazama juu, akatazama chini, akaniambia, "Watu wana pesa hivi, plasta imebambuka na hakuna hata fundi mmoja?" Nikamweleza kwamba ndivyo walivyotaka ionekane. Akasema wangemwita kaka yake wa Mji wa Kale awape ushauri, nyumba yake ilikuwa hivyo bila gharama yoyote.

Sasa niwaambie kwa nini safari ile ilikuwa na uzito kwetu. Mamangu alivunjika nyonga alipoteleza bafuni. Alipasuliwa, akapona, lakini tangu hapo ndani ya nyumba anatembea na fremu ya kujishikilia na nje tunatumia kiti cha magurudumu. Idd moja baada ya hapo tukampeleka kwenye michezo pamoja na wajukuu. Uwanja sitautaja. Kijana wa tiketi hakumtazama hata usoni, alinitazama mimi: "Huyu mzee akae pale na viatu vyenu." Akawekewa kiti cha plastiki kwenye jua. Kandambili za watoto zikapangwa miguuni pake, mikoba yetu mapajani, na yeye akawa anatabasamu kila mtoto akipita kwenye bembea na kumpungia. Mwanamke aliyetusomesha kwa mahamri ya alfajiri, leo kageuzwa kabati. Mpaka leo nikikumbuka natetemeka. Na aliyeniudhi zaidi si yule kijana. Ni sisi wenyewe, familia nzima, jinsi tulivyoona ni sawa tu.

Kwa hiyo mimba yangu ilipoangukia wakati ule ule tuliopanga safari ya Marekani, watu wote walijua mpango: mimi mwenye nguvu nitapanda na watoto, bi mkubwa atabaki na mikoba. Na mimi, maskini, nilikuwa nimeshajipigia picha akilini niko juu ya lori na miwani ya jua.

Kliniki ikabadilisha mpango. Picha ya tumbo ilionyesha kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa uzazi, na mimba ya kwanza ilikuwa imenitoa damu. Sista akafungua kile kitabu cha mama na mtoto, akapigia mstari, akaniuliza nina mipango gani. Nikamwambia. Akaniita daktari. Daktari akasema ndege sawa kwa sasa, kutembea sawa, ila kitu chochote cha kurusha au kusimama ghafla nisikiguse. Nikajitetea kwamba lori lile halina hata sharti la urefu, watoto wachanga wanapakatwa mlemle. Akanijibu kwamba mtoto wa kupakatwa hana kondo la nyuma tumboni mwake. Nikanyamaza.

Halafu nikampeleka mamangu kwa daktari wake wa mifupa na swali lile lile. Huyo akatazama picha za nyonga, akamkunja mguu, akamkunjua, akasema mfupa umeunga vizuri. Akae na mgongo uliogemea, asirushwe rushwe juu ya benchi, asipande kitu cha kumtaka ajipinde ili kuingia. Nikamwambia bustani ile ina magari yanayoingiza kiti cha magurudumu na mtu akiwa juu yake. "Basi aende," akasema. "Mama, unataka kwenda?" Mamangu akasema alikuwa anasubiri mtu amwulize yeye.

Kwenye kundi la familia la WhatsApp wifi yangu akaandika kwamba mimba ya miezi mitano inakwenda kurushwa rushwa Marekani, kisha tuje tuambiwe tuombe dua. Sikumjibu. Nilitaka, wallahi nilitaka.

Siku yenyewe mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wana sehemu ya kupandia ya wenye viti. Mfanyakazi alikuja akainama mpaka macho yake yakalingana na ya mamangu, akazungumza naye, si nami, ingawa Kiingereza cha mamangu ni cha sokoni. Akamwonyesha pa kuingilia, akamngoja aitikie, ndipo wakasukuma kiti ndani na kukifunga breki. Watoto wakakaa pembeni yake na baba yao. Mimi nikabaki chini na mikoba.

Naam, mikoba yote. Nikaiburura hadi njia ya kutembea iliyo jirani, Gorilla Falls, ambako unamwona kiboko chini ya maji nyuma ya kioo. Mnyama yule mzito anatembea sakafuni mwa dimbwi kwa ncha za vidole, polepole, macho wazi. Wao juu ya lori waliona mgongo tu. Hili nimewakumbusha mara nyingi.

Mamangu alirudi kilemba kimekaa upande na mwenye furaha nisiyoiona kwake tangu aanguke. Nikamwuliza, limerusha? Akasema alikwenda Lamu kwa basi kabla barabara haijatiwa lami, hayo mengine ni michezo ya watoto.

Binti yangu alizaliwa salama, kondo lilikuwa limepanda lenyewe kadiri tumbo lilivyokua, kama inavyotokea mara nyingi. Lakini msinichukue mimi kuwa ushahidi. Mtu aliyepanda akazaa salama si ushahidi, na mimi niliyekataa nikazaa salama si ushahidi pia. Tazameni sababu.

Sababu ni hii. Mtoto mwenyewe kakingwa: yumo majini, na katika miezi mitatu ya mwanzo mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Kinachoogopewa ni kondo. Mfuko wa uzazi ni msuli, unanyumbuka, kondo halinyumbuki. Mwili ukisimamishwa ghafla mfuko unavutika, kondo haliwezi kuufuata, na linaweza kuanza kubanduka pembeni, kama kibandiko kwenye puto lililobonyezwa. Likibanduka, mtoto anakosa hewa na mama anamwaga damu, wakati mwingine damu inabaki ndani isionekane. Ndicho kinachohofiwa mja mzito akipata ajali ya gari, hata kama hana mchubuko. Kwa hiyo usiulize tu kama kitu kinatikisika. Uliza kinasimama vipi. Lori la safari ni la kutikisa zaidi kuliko la kasi, lakini mnyama akikata njia dereva anafunga breki, na ukishapanda hakuna kushuka katikati. Kwenye mashine za kasi kuna jambo jingine tena, kile chuma kinachoshuka mapajani. Kwa mwanamke wa miezi sita kinashukia tumbo.

Kwa hiyo Expedition Everest, ile treni ya humo humo inayokwenda kasi ya kilomita 80 hivi kwa saa na kurudi kinyumenyume gizani, wala usijadili. Wajawazito hawapandi, wenyewe wamesema. Kali River Rapids, ya maji, vilevile. Gari la safari ndilo linalobishaniwa, na hapo jibu liko kliniki kwako, si kwangu. Mwenye historia ya kutoka damu, mwenye kondo lililoshuka, mwenye presha, mwenye mapacha, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, mimi namwambia akae na kiboko wangu wa kwenye kioo. Na aliyeruhusiwa asikae safu za nyuma. Nyuma ya magurudumu ya mwisho ndiko kunakorusha, kila aliyewahi kukaa siti ya nyuma ya matatu analijua hilo. Ukishuka ukaona damu, maji yanatoka, tumbo limekaza likawa gumu, au mtoto amepunguza kucheza, usingoje jioni. Hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mwenye ulemavu au mzee maswali ni mengine kabisa, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Wanaweka mja mzito, mgonjwa wa moyo, mwenye kiti na bibi wa miaka 70 kwenye kapu moja, wanaandika "hawafai". Nani kasema? Mamangu mgongo wake mzima, shingo yake nzima. Kilichoharibika ni nyonga. Kwake swali lilikuwa anaingia vipi, nini kinamshika akiwa ndani, na mashine ikikwama njiani anatolewa vipi. Nyingi ya zile za kasi zinakutaka uhame kutoka kwenye kiti chako uingie kwenye chao, na usipoweza kuhama, au huwezi kujizuia mwili ukiyumba, hiyo si yako. Lori la safari linapokea kiti cha kawaida. Ukiwa na kile cha betri cha kuendesha kama pikipiki utaombwa ukiache na kuhamia cha kusukumwa. Vya kukodi viko langoni. Mwenye mifupa iliyokonda, mwenye diski iliyotoka mgongoni, mwenye shingo mbovu, huyo mtikisiko ule utamkumbusha kila shimo usiku wa manane, hata akiwa na miaka 30 na miguu miwili mizima. Muulizeni daktari wake. Na muulizeni yeye.

Hili la kumwuliza yeye nitalirudia mpaka mchoke. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufika mahali pote. Imeandikwa. Haikuandikwa kwamba kijana wa tiketi ataamua, wala kwamba watoto wake watamwamulia kwa sababu wana haraka ya foleni. Mkiona mmempangia mzazi wenu kazi ya kulinda viatu, jiulizeni ni lini alisema anapenda kulinda viatu. Na nyinyi mabinti mnaopanda kila kitu na mimba kubwa ili mpate video, kisha mkiambiwa mnajibu "mimi niko fiti", sikilizeni: ufiti wako kondo haulijui.

Wa hapa nyumbani mnaoniuliza, kwa ufupi. Ngamia wa Pirates, mja mzito hapana. Anainuka kwa miguu ya nyuma kwanza, anakutupa mbele, halafu anakurudisha nyuma, na akikaa chini ni hivyo hivyo kinyume chake. Na ukianguka, unaanguka kutoka juu ya nyumba. Boti la kuvutwa la kukaa kama farasi, hapana, na slaidi ndefu za maji, hapana. Boti la sakafu ya kioo siku bahari imetulia sioni neno, ila wengi wanateleza wakati wa kupanda, si wakati wa safari. Mwambie nahodha alishike vizuri na mtu akupe mkono. Tuktuk za kila siku huna pa kuzikwepa, mwambie dereva apunguze kabla ya tuta, na akikukasirikia shuka, wengine wapo.

Dada wa Mtwapa, wewe nenda kliniki na swali lako kabla hujafunga begi, na uwaombe barua hapo hapo. Mashirika mengi ya ndege huanza kuitaka kuanzia wiki ya 28, na ukikaa kule wiki nyingi, wakati wa kurudi huenda utakuwa umeshafika. Mama mkodie kiti langoni, hata akisema anaweza kutembea, maana bustani ile ni kubwa na magoti yake yatakwisha kabla ya saa sita. Mpandisheni lori akitaka.