Msimbo mmoja wa hitilafu, sura tatu

SWALI: Mhariri, tunatengeneza programu ya kupokelea zabibu za wakulima wa hapa Dodoma, inayotumia kompyuta za Windows. Mtumiaji asipokuwa na ruhusa ya kufungua faili, dirisha moja huandika "Hitilafu 5", jingine 0x80070005, na faili la kumbukumbu (log, linalotunza matukio ya programu) huandika -2147024891. Mwenzangu anasema hitilafu ni ileile, kwa hiyo tuache zilivyo. Je, ni sawa? – Msomaji, Nzuguni.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hesabu mwenzako hajakosea. Katika Windows, 5 ni msimbo wa kunyimwa ruhusa; ukiingizwa katika namba ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1) na kuandikwa kwa heksadesimali, mfumo wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F unaotambulishwa kwa 0x, hupatikana 0x80070005: 8 ya mwanzo huonyesha kwamba kazi imeshindikana, 7 hutaja kundi la misimbo ya Win32, yaani ya mfumo wa Windows wenyewe, na tarakimu nne za mwisho hubeba ile 5. Biti hizohizo zikisomwa kama namba inayoweza kuwa hasi, ndipo hutokea -2147024891.

Hata hivyo, karani aliyeko Hombolo anayewapigia simu hawezi kujua hayo, wala fundi anayetafuta 0x80070005 katika faili la kumbukumbu hataipata, ingawa tatizo limeandikwa humo mara nyingi. Kwa sababu hiyo siafiki kabisa ziachwe zilivyo.

Msimbo wa hitilafu ni jina, si kiasi, na jina halikatwi wala halipambwi. Oracle, programu ya hifadhidata, huandika msimbo wake ORA-00942 pamoja na sifuri zake, nanyi msiziondoe. 404 ya wavuti, ya ukurasa usiopatikana, nayo ibaki desimali (namba ya kawaida) kama ilivyozoeleka. Kwa misimbo yenu ya Windows nashauri 0x na tarakimu nane daima, herufi zikiwa kubwa, yaani 0x8007000E na si 0x8007000e. Jihadharini hasa na zana za kupanga namba kwa kufuata lugha ya mtumiaji, kwa kuwa zikiachiwa msimbo huupachika mikato ya maelfu, ukawa -2,147,024,891. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, lakini msimbo usiguswe.

Kazi hii ifanywe na sehemu moja tu ya programu, ambayo madirisha yote na faili la kumbukumbu vitaitumia. Kumbukumbu za zamani msizihariri. Wapeni mafundi jedwali linalooanisha sura za zamani na mpya.