Jibu: Kubadilisha vizito vya ncha za usukani wa pikipiki

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya kutoa vile vyuma vya kiwandani kwenye ncha za usukani na kuweka vya rangi ulivyoviona dukani. Weka, lakini vishike mkononi kwanza uone uzito. Vya kiwandani havikuwekwa kwa urembo. Uzito wake hupunguza mtetemo wa injini unaofika mikononi. Vya alumini tupu ni vyepesi, na ukitoka Malindi hadi Kilifi vidole vitakufa ganzi. Mimi ningetafuta vya chuma cha pua, maana upepo wa chumvi hapa kwetu hula chuma cha kawaida upesi sana.

Skrubu za zamani zikiwa na kutu, zipulizie mafuta ya kulegeza, ziache usiku kucha, kisha tumia bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye kichwa. Pima pia kipenyo cha ndani cha bomba la usukani, hutofautiana.

Upande wa aksileta ndio wenye hatari, tafadhali usiufanyie haraka. Acha nafasi ya milimita 1 au 2 kati ya kizito na mpira wa mkono. Zungusha aksileta, achia: lazima irudi yenyewe, usukani ukikatwa kulia na kushoto. Ikikwama hata kidogo, fungua urekebishe kabla hujaingia barabarani.