Uliza Tukujibu: Popo, pomboo na bando la wiki

SUALI: Assalaam alaykum wahariri. Mimi nasomesha sayansi darasa la tano hapa Wete, tumefika mada ya mamalia na kitabuni picha zimekolea wino hata ng'ombe humtambui. Nataka saiti za kuwaonesha watoto, lakini nikigugo naletewa kangaruu na dubu tu, na bando langu ndo hilo la wiki. Projekta ya skuli ipo ila darasani mtandao hakuna. Juzi nimewambia popo ni mamalia, darasa zima likacheka. Nianzie wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam mwalimu wetu. Anzia hapohapo walipocheka, na huyohuyo popo, tena popo wa kwenu, maana yule mkubwa wa Pemba duniani kote hapatikani pengine, walimu wa Marekani wanamuona kwenye picha tu na nyinyi magharibi anakupitieni juu ya vichwa akenda kutafuta maembe.

Ingia saiti ya iNaturalist, watu wanapoweka picha za viumbe walivyoviona, uandike jina lake la kisayansi, Pteropus voeltzkowi. Ukiandika popo peke yake utapotea, aina za popo duniani zimepita 1,400. Hapo utakuta picha walizopiga watu waliofika Pemba, kila moja na ramani yake. Zisevu kwenye simu ukiwa na bando, kesho unazirusha kwenye projekta. Sasa usikimbilie kusoma sifa za mamalia, ivute picha mpaka yaonekane manyoya ya kifuani, yale mekundu mekundu, uwaulize ndege gani huyu ana nywele na maskio na meno? Halafu bawa. Ukilitizama vizuri ni mkono, vidole vimerefuka na ngozi imewambwa baina yake, na dole gumba limebaki nje na ukucha wake, ndo analojishikia kwenye tawi. Ukipata picha ya mama na kitoto kimemganda kifuani kinanyonya basi suala la maziwa limekwisha, huna haja ya kulihubiri.

Jihadhari na kitu kimoja, saiti nyingi za watoto zinasema popo wanaona kwa mwangwi wa sauti. Wadogo wanaokula wadudu ndio, lakini huyu wa Pemba anatumia macho na pua kama sisi. Na mkiweza kukodi gari hadi Kidike mkawaona wenyewe wananing'inia, mimi naona hiyo inashinda saiti zote.

Kwa darasa lisilo na mtandao tafuta programu inaitwa Kiwix, ni ya bure. Unadaunlodi Wikipedia mara moja penye waifai, ya Kiswahili si kubwa, halafu unaisoma bila ya data hata umeme ukikatika almuradi simu ina chaji. Makala za Kiswahili nyingine ni fupi mno, kwa hiyo chukua na ile ya Kiingereza chepesi. Wewe mwenyewe kwa kujiandaa soma Animal Diversity Web ya Chuo Kikuu cha Michigan, maelezo yake yamepangika, ila usiwape watoto, watasinzia.

Wakishachangamka waoneshe Snapshot Serengeti, ipo ndani ya saiti ya Zooniverse tangu 2012. Ni picha za kamera zilizofungwa porini zinajipiga zenyewe mnyama akipita, na mtazamaji ndo anasema huyu nani. Nyengine utaona mkia tu au sikio usiku wa manane, hapo ndo darasa linapobishana fisi huyu, siye huyu, na kila anayebisha inabidi atoe sababu.

Akaunti ya iNaturalist fungua wewe, watoto chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kujifungulia wenyewe. Wao kuna Seek, programu ya simu ya haohao iNaturalist ya kutambua wanyama na mimea kwa kamera, haitaki kujisajili. Na zile video za wasapu za simba anamlea mtoto wa paa ziache, nyingi siku hizi zinatengenezwa na kompyuta.

SUALI: Mwanangu anabisha pomboo ni samaki, anasema mbona anakaa baharini. Kuna pahala mtandaoni pa kumuonesha?
Mama wa Kizimkazi

JIBU: Mama, wewe unao mlangoni! Tafuta video yoyote ya pomboo na ya jodari uziweke pamoja, muambie aangalie mikia tu: wa jodari unapiga kulia na kushoto, wa pomboo unapiga juu na chini. Halafu amsubiri pomboo achomoze kuvuta pumzi kwa tundu la utosini, samaki hana shida hiyo. Akitaka kuwasikia, saiti ya Discovery of Sound in the Sea ina sauti zao bure, na za nyangumi nundu pia, wale wanaopita kwetu wakati wa kipupwe. Mvalishe hedifoni, spika ya simu inazimeza.