Usijifananishe na Mwanamke wa Nyika ya Dakota

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mume wangu alishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, akatangulia, na miaka mitatu iliyopita akatuita. Nilidhani nakwenda mjini, kumbe ni kijiji cha Dakota Kaskazini, dakika 40 kwa gari kutoka Fargo, mahali pasipo mlima wala msitu, ni upepo na mashamba ya viazisukari tu. Mume anafanya kazi katika kiwanda cha sukari kwa zamu za saa 12, na msimu wa kazi ukianza namwona akiwa amelala. Mwaka jana akamleta mama yake, ambaye amejifanya mwenyeji kuliko mimi. Mwezi uliopita nilifuatana na darasa la mwanangu kwenye makumbusho, tukaonyeshwa nyumba ya udongo walimokaa wanawake wahamiaji wa zamani, nikalia, kwa sababu nilijiona mimi. Mdogo wangu amepata viza na anakuja Julai. Nataka niondoke na watoto kabla ya hapo bila kumwambia mume, maana nikimwambia atanizuia. Je, ninakosea?*
*Mpweke wa Dakota*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa baridi na pole kwa upweke, maana mtu aliyezoea kuamkia sauti za majirani uani hawezi kuhamia kwenye ukimya wa namna hiyo asitikisike. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako ni ya kurasa tano, hapo juu nimechapa muhtasari wake tu, na katika zile kurasa zilizobaki umeandika mambo ambayo nadhani hukukusudia niyasome kwa makini.

Umejifananisha na wanawake wahamiaji wa nyika ya Dakota. Kwa kuwa umewataja wewe, tuanze nao.

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa mtu ekari 160 za ardhi kwa ada ndogo, mradi aishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano, na mgeni kutoka Ulaya aliruhusiwa pia, alimradi atangaze nia ya kuwa raia. Ardhi yenyewe haikuwa tupu, ilikuwa ya wenyeji wa asili, yaani Wadakota, Waojibwe na wengineo, na hilo bonde la Mto Red unamoishi na unalolilalamikia lilichukuliwa kutoka kwa Waojibwe kwa mkataba wa mwaka 1863. Kwa hiyo ukitafuta aliyeonewa zaidi kwenye nyika hiyo, usianzie kwenye nyumba ya udongo. Lakini wewe umemuuliza shangazi habari za ndoa, basi sikiliza sheria hiyo ilivyomgusa mke. Mwanamke asiyeolewa aliyetimiza miaka 21 aliweza kuchukua shamba kwa jina lake, mjane naye aliweza, na wako walioahirisha harusi hadi hati itoke mkononi. Mwanamke aliyekuwa na mume nyumbani hakuweza. Alilima, alikamua, alizaa, akazika, na mwisho wa miaka mitano hati ikaandikwa jina la mume.

Sasa fungua ukurasa wako wa nne, ambapo unalalamika kwamba mumeo "alikulazimisha" kwenda benki siku ya baridi kali kusaini karatasi. Karatasi hizo, kwa maelezo yako mwenyewe, ni za nyumba, na majina yaliyomo ni mawili, lake na lako. Umeliandika jambo hilo kana kwamba ni mateso. Mwanamke yule wa makumbusho angeutembea umbali wa siku nzima kwa miguu ili asaini karatasi ya aina hiyo.

Ile nyumba uliyoililia nayo ina habari zake. Miti ya kupasua mbao ilikuwa adimu, hivyo wahamiaji walipasua kwa plau udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi, wakaukata kwa koleo vipande virefu, wakavipanga kama matofali, majani yakielekea chini, na nyumba ya futi 16 kwa 20 ilimeza karibu ekari nzima ya udongo wa juu. Kuta zake zilizuia baridi vizuri, hiyo ni haki yake tuipe, ila paa lilivuja, na liliendelea kudondosha matope kitandani hata baada ya mvua kukatika. Mama mwenye nyumba alitundika kitambaa chini ya paa ili mchanga, wadudu na wakati mwingine nyoka wasiangukie chakula. Kuni zilikuwa za kutafuta kwa taabu, kwa hiyo alipikia kinyesi kikavu cha nyati na ng'ombe, magunzi ya mahindi, au nyasi kavu zilizosokotwa kwa mkono. Na kwa kuwa nyasi huungua upesi, ilibidi mtu akae akisokota muda wote jiko linapowaka. Mwaka 1874 walishuka nzige kuanzia Dakota hadi Texas, wakamaliza mazao, na wanawake walipotandaza mashuka juu ya bustani ili waokoe mboga, nzige wakala na mashuka. Fedha ya siagi na mayai aliyouza mama ndiyo iliyonunua kahawa na kitambaa ngano ilipoharibika. Wewe unasema jiko lako lina moto minne na mmoja hauwaki.

Najua utanijibu kwamba hukulilia nyumba, ulilia upweke. Hapo nitakusikiliza, kwa sababu upweke wao ulikuwa wa kweli na uliwavunja watu. Mwaka 1893 mwandishi wa habari Eugene Smalley alieleza jinsi wakulima wa nyika hizo na wake zao walivyokuwa wakirukwa na akili kwa wingi wa kutisha, na hakumlaumu mume wala upepo peke yake. Alilaumu namna nyumba zilivyowekwa mbalimbali. Ekari 160 ni robo ya maili ya mraba, kwa hiyo hata kila kipande kingekuwa na mtu zingepatikana kaya nne tu katika maili nzima ya mraba, na vipande vingi vilikuwa mali ya kampuni za reli au havijachukuliwa na mtu. Sheria ilimtaka kila mmoja alale juu ya ardhi yake mwenyewe, ilhali wengi wao walitoka katika vijiji ambako mtu akipiga chafya jirani anamwombea afya. Smalley alishauri wazijenge nyumba zao pamoja na mashamba wayaendee. Wamenoni, wahamiaji Wakristo wa dhehebu hilo, wa Manitoba, hapo juu ya mpaka wa Kanada, walikuwa wameshafanya hivyo tangu miaka ya 1870: walichukua vipande vyao kisheria, kisha wakajenga kando ya barabara moja, mlango ukitazamana na mlango, wakayaendesha mashamba kwa makubaliano yao.

Mwanamke wa nyika, basi, alikosa jirani kwa sababu jirani hakuwapo, na akitoka nje katika dhoruba kama ile ya tarehe 12 Januari 1888, iliyoua watu wapatao 235, wakiwamo watoto waliokuwa wakitoka shule, angeweza kufa hatua chache kutoka mlangoni pake. Je, wewe? Ukurasa wa tatu unasema bibi wa nyumba ya pili, mzee mwenye asili ya Norwei, alikualika jikoni kwake mara kadhaa na hukwenda, kwa sababu "hawa ni washamba na hawana mazungumzo." Mama mkwe wako, asiyejua Kiingereza zaidi ya kusema asante, alikwenda. Alikuta wanatengeneza lefse, mikate myembamba ya viazi inayosukumwa kwa kijiti na kuchomwa juu ya bamba la chuma, akavua vitenge vya juu, akaomba kijiti kwa ishara, akawaonyesha mtu wa Tanga anavyosukuma chapati ikawa duara. Tangu siku hiyo anafuatwa kwa gari kila Jumatano. Hayo umeyaandika wewe kama ushahidi kwamba anakuaibisha. Mimi nimeyasoma mara mbili kwa furaha, na kama mama huyo angeniandikia barua ningemjibu kabla yako.

Tuje sasa kwenye jambo lenyewe, ambalo umelificha katika mstari mmoja chini ya ukurasa wa tatu, baada ya malalamiko ya bei ya samaki: "Nyumbani wanajua tunaishi Minneapolis, nami sikuona haja ya kuwasahihisha." Nilipofika hapo nilirudi mwanzo wa barua nikaisoma upya. Minneapolis ni jiji kubwa, nalo liko zaidi ya saa tatu kwa gari kutoka kwenu, na umekiri kwamba picha zote unazoweka kwenye simu ulizipiga huko siku mbili ambazo mumeo aliwapeleka kutembea. Mdogo wako anakuja Julai. Nawe unataka kuondoka kabla ya Julai. Mwanangu, mimi si mpiga ramli, lakini hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Mwaka 1886 mpigapicha Solomon Butcher alianza kuzunguka kaunti ya Custer, Nebraska, akiwapiga picha walowezi mbele ya nyumba zao za udongo. Katika picha moja familia imesimama uwanjani penye mifugo, na katikati yao, juu ya ardhi tupu, pamewekwa kinanda. Mama wa nyumba hiyo hakutaka jamaa zake wa mashariki waione nyumba ya udongo, lakini alitaka wajue kwamba ana kinanda, hivyo kinanda kikabebwa nje na baada ya picha kikarudishwa ndani. Ukitaka kujifananisha na mwanamke wa nyika, jifananishe na huyo, ingawa yeye amekuzidi: kinanda kilikuwa chake.

Nitasema neno kuhusu ndoa za siku hizi, na wanaoudhika waudhike. Wasichana wengi wanaoniandikia hawakuolewa na mtu, waliolewa na mji. Mume akitamka Marekani, binti anaona maghorofa, shoga zake wanaona maghorofa, kitchen party inapigwa kwa heshima ya maghorofa, kisha akifika akakuta shamba la viazisukari, anasema ametapeliwa. Nawe umesema mumeo alikuficha. Lakini ukurasa wa pili unasema alikutumia picha ya nyumba hiyo hiyo ikiwa imezungukwa na theluji hadi upeo wa macho, ukadhani ni pambo la simu. Mtu aliyekutumia picha ya kweli hakukuficha.

Nimetafuta barua nzima mahali mumeo alipokupiga, alipokutukana, alipokunyima chakula au simu, kwa kuwa lau ningepaona, jibu langu lingekuwa jingine kabisa na ningekwambia uondoke leo. Sikupaona. Nimeona mwanamume anayefanya kazi saa 12, anayekabidhi mshahara, aliyekulipia mwalimu wa udereva ukaacha baada ya somo la pili kwa sababu barabara ilikuwa na barafu. Kosa lake liko moja, nalo nalisema: anakuja nyumbani amenyamaza na analala amenyamaza, na mke hawezi kuishi na kikapu cha nguo za kazi. Hilo mdai, ni haki yako.

Kuhusu swali lako, ndiyo, unakosea, na si kosa dogo. Kuwatoa watoto nje ya Marekani kwa siri ili baba yao asiwapate ni jambo linaloweza kukufikisha mbele ya sheria ya jinai ya nchi hiyo, na hata pasingekuwa na sheria, ungewafundisha watoto kwamba baba ni mtu wa kutorokwa. Mpigie mdogo wako simu leo, kabla hujazungumza na mumeo, umwambie unapoishi kwa jina lake, ikiwa na viazisukari vyake na upepo wake. Atacheka siku mbili, kisha atauliza aje na nguo gani. Halafu mtafute mumeo siku yake ya mapumziko, umweleze kwamba ulikuwa umekusudia kuondoka na kwa nini, hata kama atakasirika. Udereva anza sasa wakati barabara ni kavu, ili majira ya baridi yakukute na leseni. Ukishaendesha, ukishaingia jikoni kwa watu, na baada ya mwaka mzima bado nafsi inakataa, keti na mumeo mzungumzie kuhamia Fargo, ambako utawapata Wakongo na Warundi wa kuzungumza nao Kiswahili, na yeye atasafiri kwenda kazini kama wengine wanavyosafiri. Huo ni mjadala halali wa mke na mume, na mimi nitakuwa upande wako.

Mwisho wa barua umeuliza kama ni haki mama mkwe kulima uwanja wa nyuma akapanda mchicha bila kukuomba ruhusa. Ni haki. Mwambie tu kwamba huko baridi ya usiku huweza kuunguza miche hata katikati ya Mei, kwa hiyo mbegu zake asiziweke nje kabla mwezi huo haujaisha, na umsaidie kubeba maji.